Okidi ya Mteremko wa Mashariki

Wilf Tapsell alikuwa mchoyo wa jambo moja tu: siri. Katika hifadhi ile ya vilima vya chaki, mwamba mweupe laini, huko Kent, Uingereza, ilikuwa imebaki okidi moja tu ya aina yake, ua adimu la porini, kwenye mteremko wa mashariki, chini kidogo ya msitu. Nyingine ziling'olewa na watu wasio na haya, waliokuja na koleo na ndoo. Tangu hapo Wilf, aliyejitolea kuilinda hifadhi kwa miaka thelathini, hakumwonyesha mtu ilipo hiyo moja, wala hakuiandika kwenye ramani. Ikichipua aliifunika kwa kizimba cha waya sungura wasiile. Ikinyauka alikiondoa, na kiazi chake kikalala ardhini bila alama yoyote. Mwaka uliopita ilitoa mbegu kwa mara ya kwanza, naye alilia kama mtoto, peke yake.

Desemba aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Maureen Hollamby, msimamizi wa watu wa kujitolea, alimpelekea keki ya tangawizi hospitalini.

"Unanenepa, Wilf. Wanakulisha nini humu?"

"Maji ya kabichi. Wenyewe wanayaita supu."

"Sikia, tunataka kufyeka vichaka vya mashariki. Vile unavyovilalamikia kila siku. Kuna kitu pale tukichunge?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amefunua gazeti. Wilf alimtazama mtu yule asiyemjua, akamtazama Maureen aliyefanya naye kazi miaka kumi na miwili, na wote wawili akawaweka kapu moja.

"Miiba tu," akasema. "Fyekeni."

Alijipa moyo kwamba panga halikidhuru kiazi kilicho chini ya udongo. Na matawi huchomwa bondeni, sikuzote.

Kumbe mwaka ule mvua haikukatika na bonde likageuka tope. Wakatafuta mahali pakavu, peupe, pasipo vichaka, wakawasha moto hapo. Palikuwa na uwazi mmoja tu mteremko mzima. Wilf mwenyewe ndiye aliyekuwa akiupunguza nyasi kwa mkasi, kila vuli, ili okidi ipate jua.

Mei alirudi na mkongojo wake. Maureen akampandisha mlimani polepole, akijisifu.

"Tazama palivyo peupe. Siku tatu, watu kumi na mmoja. Tulitaka ufurahi, mzee."

Wilf aliona duara jeusi, udongo umeokwa hadi chini, majivu yameshikana na chaki, magugu yameanza kuota pembeni. Akaketi kwenye nyasi.

"Ilikuwa hapo," akasema. "Ile ya mwisho."

Maureen hakuuliza ni ipi. Alisimama akiukodolea macho mduara ule.

"Nilikuuliza, Wilf."

"Najua."

"Moto niliuwasha mimi. Kwa mkono wangu. Ungeniambia, ningelala pale juu na blanketi, nisiruhusu hata mbwa apite."

Chini, wenzao walikuwa wakimimina chai kwenye vikombe na kuwapungia mkono.

"Usiwaambie," Wilf akanong'ona. "Tafadhali. Wakijua..."

"Wakijua nini? Wataiba nini sasa?"

Maureen akafuta macho kwa mkono wa sweta, akateremka kwenda kuwaambia. Hakumngoja.