Gari Lililoinuliwa na Upepo

Mjomba alipofariki, alimwachia mpwa wake, mshona mapazia, gari kubwa la kifahari lililolala uani kama ng'ombe aliyegoma. Rejeta, ile inayopoza injini kwa maji, ilikuwa inavuja. Mifuko ya mpira inayojazwa upepo, ile inayolibeba gari hilo badala ya springi, ilikuwa imepasuka. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alimshauri alipeleke kwa watu wa vyuma chakavu, maana hata kuku walishalihesabu kuwa banda.

Mshona mapazia hakubishana. Kuuliza si ujinga. Akawauliza mafundi wa mtaani, kisha akavaa suruali kuukuu ya mumewe. Akalipiga gari jeki, akalikalisha juu ya magogo. Alianza na rejeta. Aliizamisha kwenye beseni la kufulia, akaipuliza, akaona viputo vikitoka kwenye ufa mwembamba kama uzi. Akatafuta nyingine. Shemeji, aliyekuja kucheka, alijikuta ameshika spana, grisi mpaka viwikoni.

Mifuko mipya ya upepo aliyoinunua ndiyo iliyomshangaza mshona mapazia. Aliipakata: mpira laini, mwepesi kama mto wa mtoto. Akamuuliza shemeji kama kweli hiki ndicho kinachobeba chuma chote kile. Shemeji akasema ndivyo wanavyosema, yeye hajaona.

Walipomaliza kufunga, wakaondoa magogo, gari likalala tena. Akaliwasha. Injini ikakohoa, ikatulia. Pampu ndogo ikavuma kwa ndani. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha nyuma ikaanza kupanda, polepole, bila mkono wa mtu, halafu mbele, kama ngamia anayesimama na mzigo wake. Kuku wakatawanyika. Mama mkwe, aliyekuwa barazani akichambua mchele, alisimama na ungo mkononi.

"Nani analinyanyua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Upepo, mama. Upepo mtupu," mshona mapazia alijibu kutoka kwenye usukani.

Shemeji aliinama kuchungulia chini ya gari. Mshona mapazia alitazama mshale wa joto la injini: umetulia katikati, haupandi. Kila skrubu aliikaza mwenyewe, na bado mwili ulimsisimka kama wa mtu asiyejua lolote.

Akashuka, akamfungulia mama mkwe mlango wa mbele. Mama aliweka ungo chini, akalizunguka gari lote bila kuligusa. Kisha akavua kandambili, akaingia.