Dawa ya Mzee Iko Mfukoni

...na huu mlima wenyewe sikuwa na sababu ya kuupanda, duka la dawa liko kule chini karibu na stendi, nimetoka huko tangu saa nne, dawa ya kupuliza ya mzee iko mfukoni mwa shati, sukari na betri za tochi nimezifunga kwenye keria, yote niliyotumwa nimemaliza na njia ya nyumbani ni tambarare tupu, lakini nilikata kulia, nikapanda kilima cha mnara, nikashuka, sasa napanda hiki cha pili ambacho miaka yote nakiona kwa mbali tu, nasukuma baiskeli taratibu kama mtalii, kumbe Bariadi ni mji mzuri ukiutazama kutoka juu, mabati yanang'aa, pamba imerundikwa uani kwa watu, na huko ng'ambo ya mto mzee Machibya, baba yangu mzazi, amekaa kitandani kashika magoti anatafuta pumzi, kifua kinapiga mluzi... atafute. "Mwadila, Masunga," mama mmoja ananisalimu njiani. Mwadila, mayu Philomena. "Mzee anaendeleaje na pumu yake?" Anaendelea vizuri, mayu, nimetoka kumchukulia dawa. "Mungu akubariki, ng'wanone, watoto kama ninyi mmebaki wachache," na ndoo yake kichwani anashuka zake, wachache kweli, mayu, ungejua ungeomba tusiongezeke... mimi simuui, mimi nachelewa tu, na tangu lini kuchelewa kukawa kosa hapa kwetu, mzee je, dada yangu Joyness alipoolewa Shishiyu ng'ombe kumi na wawili waliingia zizini, na kila Msukuma anajua mahari ya dada ndiyo ya kuolea kaka, nilishaanza kuwapa majina, mzee akawaswaga wote akamwoa Scola, msichana niliyemzidi umri, leo namwita mama mdogo, sawa, nilimeza, ila Joyness aliporudi mwaka jana mkono umevunjika, jicho halifunguki, mzee hakumtazama hata usoni, alisema "Ng'ombe zao nimeshazitumia, nitarudisha nini? Mpeleke kwa mume wake," na aliyeambiwa ampeleke ni mimi, na nilimpeleka, kwa baiskeli hii hii, alikaa hapo ilipo sukari, kutwa nzima, kwenye miinuko ya Maswa akitaka kushuka namwambia kaa tu, mwepesi kama kuku, hakuniomba kitu, mara moja tu aliuliza "Kaka, umechoka?" na mimi, mbwa mimi, nikajibu kidogo... kwa hiyo pumzi ikikata leo, ng'ombe ishirini walio zizini, ambao mzee hakutaka kurudisha hata mmoja, ni wangu, mimi ndiye mkubwa, tukishazika nawatoa kumi na wawili mpaka Shishiyu, namwachia yule mume wake, nambeba dada yangu, hiyo si dhambi, hiyo ni haki iliyochelewa... simu. "Masunga, uko wapi wewe?" Scola analia, nyuma yake nausikia ule mluzi, mfupi mfupi sasa, "baba yako hawezi hata kuongea, midomo imebadilika rangi!" Cheni imekatika, mama mdogo, nasukuma. "Si uchukue bodaboda!" Naja, naja, nakata, naitazama cheni, nzima, jana tu nimeipaka mafuta... kumi na wawili wakitoka wanabaki wanane, na wazazi wa Martha, mchumba wangu, wametaja kumi na watano, hawapunguzi hata ndama, na Martha kasema mwaka mwingine hasubiri, kwa wanane mtu anaoa nani... na mbona Martha kaja upesi hivi, Joyness sijamaliza hata kumtoa kwenye boma la mume wake... nasimama katikati ya mlima, mkono uko juu ya mfuko wa shati, dawa naisikia ilivyo ngumu, na najua, nilijua tangu nakata kulia, Shishiyu siendi, mzee akifa ng'ombe wanakwenda kwa kina Martha, na Joyness... mkono si umeshaunga, mwaka mzima hajarudi tena, huenda ameshazoea.