Paja la Vitus

Kwa kuwaelewa madaktari, Apolonia alijisifu kuwa Kilolo nzima hana mpinzani. Kilichomshinda ni Kiingereza tu, na daktari wa Mbeya alisema karibu yote kwa Kiingereza.

Alichoshika ni hiki: iko mashine inayochapa utando laini kama uji ulioganda. Ukiwekwa penye jeraha, nyama ya msuli huota na kuushika, kama maharage yanavyoshika miti. Ila mpaka sasa wamewawekea panya tu.

Naye mwanawe Vitus, pawatila, ile trekta ndogo ya kulimia mpunga, ilimnyofoa nyama ya paja kule Madibira. Alikuwa amemwomba mchumba wake, Veneranda, amsubiri mpaka atembee.

Apolonia akarudi wodini amechangamka. “Umeshaandikwa, baba. Foleni tu ndiyo ndefu.”

“Walio mbele yangu wengi?”

“Wee! Wengi. Ila wanakwenda haraka.”

Vitus akamshika mkono. “Na wote wana mikia, mama? Nesi ameshaniambia. Mwambie Veneranda asinisubiri tena.”

Apolonia, asiyekosa utani hata msibani, akainamia chupa ya chai, akahangaika na kifuniko chake.