Sahihi ya Siku ya Theluji

Wazazi wenzangu, mkiona pakiti ya biskuti imeandikwa "haina karanga", msiamini maandishi peke yake. Maandishi mengine niliyaandika mimi.

Nilikuwa napakia biskuti katika kiwanda kimoja hapa Ohio. Za asali na za karanga zote zilipita juu ya mkanda mmoja wa mashine. Sheria ilikuwa kila tukibadilisha, mkanda uoshwe na aliyeosha asaini karatasi; kwa sahihi hiyo pakiti za asali ziliandikwa "haina karanga". Mwezi wa pili wote hakuna aliyesaini, maana hakuna aliyeosha. Ikaja habari kwamba mnunuzi mpya anatuma mtu kutukagua. Meneja wetu, Haskell, akaniita ofisini, akanipa kalamu yake. "Saini tu, Verna. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi." Nikasaini mwezi mzima kwa kikao kimoja.

Wiki ile sakafu ilipakwa rangi. Tukapewa makoti meupe, bado yana mikunjo ya boksi. Luanne, tuliyesimama naye mkandani miaka sita, akasema, "Leo hata panya wamevaa kofia."

Mkaguzi alikuja asubuhi, Bi Dombrowski, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kazi. Haskell alimwekea donati, hakugusa.

"Mgeni asiyegusa donati," Luanne akaninong'oneza, "ama ana kisukari ama ana jambo."

Mimi nilimshuku vingine. Wakaguzi nimewaona wengi: wanazungushwa, wanalishwa, wanaondoka wanacheka. Huyu naye Haskell alimganda kama kupe. Wakafika kwangu.

"Mama, mkanda huu mnauosha lini?"

"Kila asubuhi," Haskell akadakia.

"Nimemuuliza yeye." Akanigeukia. "Hizi za asali zinakwenda shule za wilaya hii, kwa watoto wasiokula karanga. Ndiyo maana nauliza."

Nikaacha kupakia. Binti yangu Marlys ana miaka tisa, anasoma shule hizo hizo. Mwaka jana kipande cha keki yenye karanga kilimvimbisha koo, midomo ikawa ya bluu, nikawa namshikilia kwenye gari la wagonjwa huku naomba Mungu. Shuleni anakula anachopewa.

Haskell alinikazia macho. Nikawaza kodi ya nyumba. Nikawaza pia, huyu mama akiwa mtu wao je? Nitasema, kisha watacheka wote wawili huko ofisini, na mtoto atakula biskuti zile zile. Lakini nilikwisha kufungua mdomo.

"Karatasi unazo mkononi," nikasema. "Tazama tarehe kumi na moja."

Akafunua. "Imeoshwa, saa kumi na mbili asubuhi. V.K. Ni nani?"

"Ni mimi. Na siku hiyo theluji ilifika dirishani, barabara zote zilifungwa. Kiwanda hakikufunguliwa. Nilikuwa nyumbani napika supu."

"Amechanganya tarehe huyu," Haskell akasema, anacheka peke yake.

"Nimechanganya nini, bosi? Si uliniketisha wewe, ukanipa kalamu yako?"

Bi Dombrowski aliweka karatasi kando. Alichuchumaa, akapitisha kitambaa cheupe chini ya mkanda. Kilitoka na unga wa kahawia. Akaunusa. "Karanga," akasema. "Zimeni mashine." Siku hiyo hiyo oda ya shule ikafutwa.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nje ya geti, vitu vyangu kwenye mfuko wa plastiki. Luanne alinifuata hadi getini. "Verna, una wazimu," akasema. Kisha akasema, "Asante."

Na ninyi mnaotumwa kukagua, nawaomba: sakafu inayonuka rangi mpya iogopeni. Muulizeni mtu wa mkandani, meneja akiwa mbali, hata kama mtu huyo anawaogopa ninyi pia. Mimi nilisema kwa sababu mtoto alikuwa wangu. Angekuwa wa mwingine, ile kalamu ningeinyamazia.