Mahari ya Vyungu Thelathini na Kimoja

Mimi sina ugomvi na ng'ombe. Ugomvi wangu ni na wanaume wanaodhani kwamba ukishajua ng'ombe umejua kila kitu.

Nauza maua ya vyungu hapa mjini Hlotse, upande wa chini wa barabara, na Septemba, baridi inapoisha, ndiyo riziki yangu. Pichi zikichanua, watu huchoka ghafla na rangi ya vumbi, wakaja kununua. Mkono wangu wa kulia kitaluni ni Tšeliso, mtoto wa kaka yangu, mwanamume mzima mwenye miaka thelathini na mbili, na kwa miaka minne amekuwa akimtaka Lineo.

Lineo alilelewa na mjomba wake, Ntate Sekhonyana, yaani Baba Sekhonyana, tangu mama yake afariki. Mjomba huyo ndiye mkaguzi wa ng'ombe wa mahari anayeogopwa kuliko wote wilayani Leribe. Wazee wetu walikwenda mara mbili, wakaweka noti mezani, maana siku hizi noti ndizo zinazoitwa ng'ombe, na mkaguzi huzikagua hivyo hivyo. Mara ya kwanza alisema ng'ombe wetu wana macho ya uongo. Mara ya pili alisema ni wazuri mno, lazima wameibwa.

Mara ya tatu tukaenda naye Tšeliso, na uvumilivu ukamwishia pale pale.

"Ntate, kama karatasi ni ng'ombe, basi hata vyungu vyangu ni ng'ombe."

Wazee walicheka. Ntate Sekhonyana hakucheka. Alivuta blanketi lake mabegani akasema, "Ishirini. Na kondoo kumi. Na farasi mmoja. Nitawachagua mwenyewe, na Jumamosi wazee wakimkuta mgonjwa hata mmoja zizini, msinikanyagie tena uwanja."

Alhamisi asubuhi akaja kitaluni na fimbo yake, akaenda moja kwa moja kwenye petunia zilizofunguka zote, zile ambazo kesho yake zingekuwa takataka.

"Huyu amenona," akasema, akakigonga chungu ubavuni.

Mteja mwingine ningemwachia tu. Lakini petunia ile ikinyauka kabla ya Jumamosi, Tšeliso angezeeka akimwagilia maji maua ya harusi za wenzake. Nikajikaza kisabuni.

"Ntate, huyo ameshazaa mara zote atakazozaa. Chukua mwenye mimba."

Akageuka. "Yuko wapi?"

Nikamwonyesha jeraniamu fupi, ya kijani tupu, yenye matumba yaliyofumba. Akainama. Nakuambia ukweli, aliweka sikio.

"Mapacha," akasema.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wangu bora, mwenye kiburi vilevile. Nilimfundisha kugeuza jani na kutazama chini yake, na alipoona vidukari akaita "Kupe!" kwa sauti iliyowafanya wateja wawili waondoke. Akataka kuona kwato. Nikakipindua chungu, nikakigonga kitako, mmea ukatoka na udongo wake, mizizi myeupe imetulia pembeni.

"Huyu anatembea vizuri," akasema. Uliofuata mizizi yake ilikuwa ya kahawia, inanuka dimbwi. "Huyu mpeleke kwa mlevi."

Kwa saa tatu alichagua kama malaika. Daisi moja tu, nzima kabisa, aliikataa kwa sababu ilimtazama kwa dharau. Kondoo wakawa petunia nyeupe ndogo zenye matumba. Farasi akawa mwaridi mrefu ndani ya ndoo, ambao aliuzunguka mara nne, akaupima shina kwa kiganja.

"Nyumbani kwangu hakujawahi kuwa na farasi," akasema.

Ijumaa jioni tukawapeleka. Nilikuwa nimekodi gari dogo la mizigo, akalikataa: mifugo ya mahari huingia kwa miguu yake. Basi vijana wa kwetu wakabeba vyungu vichwani, wakipiga miluzi na kuvikemea vyungu vilivyobaki nyuma. Lineo alikuwa mlangoni ameshika kitambaa cha jikoni, anacheka hadi machozi, kisha nikaona machozi hayaishi.

"Wataingia zizini," mjomba akasema.

"Ntate, mle ndani mna ng'ombe wa kweli," nikasema.

"Sasa 'M'e 'Mamosa, mama mzima wewe, ulitaka mahari ilale wapi? Kitandani?"

Mle ndani alikuwa Khunoana, ng'ombe wake mmoja tu, mzee, mwekundu, ambaye majira yote ya baridi alikula mabua makavu.

Jumamosi wazee wa pande zote mbili walikuta vyungu thelathini vitupu, safi kama vimeoshwa. Mwaridi peke yake ulikuwa umesimama, kwa sababu ya miiba. Khunoana alikuwa amelala katikati, anacheua, na kwenye mdomo wake kulikuwa na petali moja nyeupe.

Tšeliso akakaa chini mavumbini. Mzee mmoja wa upande wao akasema taratibu kwamba zizi halina mahari, na mjomba alisema mgonjwa hata mmoja, sembuse maiti thelathini.

Nikaona maji yamefika shingoni, nikasema, "Wazee, hakuna aliyekufa wala aliyeibwa. Ntate aliwachagua mwenyewe, wakaingia zizini mwake mwenyewe. Waulizeni walipo."

Wote wakamtazama Ntate Sekhonyana. Angeweza kusema neno moja tu na Lineo angebaki jikoni kwake. Nililiona hilo neno likimjia, na nilimchukia kwa hilo, na nilimhurumia pia, maana mzee yule alikuwa anakaribia kubaki na sahani moja.

Akamtazama Lineo kwanza. Kisha akaingia zizini, akamfungua Khunoana mdomo, akatazama fizi. Akampapasa tumbo, mbavu kwa mbavu, midomo ikihesabu. Tulisimama hapo hadi jua likatuchoma visogo.

"Wapo," akasema. "Ishirini na kumi. Wote wazima."

Yule mzee wa upande wake akaguna. "Ndani ya ng'ombe?"

"Wewe ulitaka walale nje?"

Hivyo ndivyo Lineo alivyoolewa. Kondoo akachinjwa, wa kweli, wanawake wakaanza kuimba, na mimi nikaenda kukusanya vyungu vyangu.

Ntate Sekhonyana alinifuata zizini. Alisimama karibu na ile ndoo, hakunitazama.

"'M'e, huyu farasi anakunywa mara ngapi?"

Mwaridi wa ndoo unataka maji kila udongo ukikauka, na mtoto yeyote anaweza kuumwagia. Lakini mdomo wangu ulikwisha kufunguka.

"Huyu ni msumbufu, Ntate. Hanywi ila kwa mkono wa mwanamke aliyekulia nyumba hii. Kila Jumamosi."

Akafikiri, kama anakagua maneno yangu meno.

"Na wewe ulijua hivyo ukaniacha nimchague?"

"Nilijua."

"Basi aje mapema," akasema. "Mchana anakuwa na kiu."