Pombe ya Kinywa Kimoja

Melchora Huanca alikaa uani, akatia konzi ya unga wa mahindi mdomoni, akautafuna mpaka ukalainika, kisha akautema mkekani ukauke. Ndivyo pombe ilivyotengenezwa katika bonde la Cochabamba, na kila mtu alijua sharti lake: watafunaji wawe wengi, ili kumbukumbu zao zichanganyike mtungini. Pombe ya kinywa kimoja humfanya mnywaji aseme yaliyompata mtafunaji.

Safari hii Melchora aliwarudisha watafunaji wote makwao.

"Mama mkubwa, utaumia taya," alisema Agustina, binti wa marehemu mdogo wake, Isidora.

"Taya zangu zimengoja miaka. Wewe kachote maji."

Sikukuu ya uhuru ilikuwa imekaribia. Fundi Nicasio alikwisha kusimamisha jiwe uwanjani, akawa anangoja tu jina la shujaa aliyepeleka baruti mlimani siku askari wa mfalme walipouvamia mji. Kanali Fermín Arandia ndiye angelitaja, na mji mzima ulitarajia ataje lake mwenyewe. Siku ile ya baruti, Kanali alikuwa shambani kwa mjomba wake akiugua jino. Jino lilikuwa linauma kweli, hilo Melchora hakumnyima. Alichotaka yeye ni jina la Isidora lichongwe, basi, Agustina apate pa kuweka maua, kwa sababu mama yake alifukiwa shimo moja na wengine na shimo lenyewe limekwisha kulimwa.

Siku ilipofika, kitambaa cheupe kilipepea juu ya mlango wa Melchora na watu wakajua pombe imeiva. Kanali alipokea kibuyu, akaimwagia ardhi matone ya kwanza kama ilivyo ada, akanywa yaliyobaki kwa mkupuo. Akafuta sharubu, akaenda uwanjani, akapanda jukwaani.

"Nilikuwa nimevaa sketi tatu," alisema kwa sauti yake nzito ya kijeshi, "na baruti nimeifunga katikati yake."

Wanawake waliokaa mbele wakaitikia kwa vichwa. Sketi tatu na baruti si mzigo wa kitoto.

"Mdogo wangu Isidora alitangulia, mtoto mgongoni, furushi la baruti chini ya mtoto. Askari wakatusimamisha. Isidora akamfinya mtoto paja. Jamani, kile kilio! Askari wakatufukuza, eti tunawapasua masikio. Tulipofika juu akapigwa risasi, furushi bado liko mgongoni. Mtoto nikamchukua mimi. Nikamnyonyesha mimi, maana wangu nilikuwa nimemzika juzi yake."

Koti la Kanali likalowa maziwa kifuani. Mkewe aliliona, akainuka bila haraka kwenda kumletea jingine.

Agustina alishika paja lake, penye alama ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza ilitoka wapi. Kila alipomuuliza mama yake mkubwa habari za siku ile, Melchora alimtuma akachote maji. Sasa alizisikia zote kutoka kwa mwanamume mwenye sharubu, akalia kwa uchungu na kwa furaha pia.

Nicasio akainua patasi. "Haya mzee, nichonge jina gani?"

"Isidora Huanca!" alijibu Kanali, machozi yakimtiririka.

Meya akacheka, akampiga Kanali begani. "Mnaona unyenyekevu huo? Tendo lake mwenyewe anamzawadia mwanamke! Chonga, fundi: Kanali Fermín Arandia."

Watu wakapiga makofi. Nicasio akachonga.

Kesho yake Kanali alikuja uani kwa Melchora, kichwa kikimgonga.

"Mama Melchora, wanasema jana nilizungumza vizuri."

"Ulizungumza vizuri, Kanali."

"Kumbe nilikuwa jasiri namna ile, na mimi mwenyewe sijui!" Akajipapasa kifua, palipokuwa bado panamuuma kidogo. "Mwakani nitengenezee iyo hiyo. Na hao watafunaji wengine usiwaite, watanichanganya."

Melchora alikung'uta mkeka wake. Hapakuwa na njia nyingine ya jina la Isidora kusikika uwanjani.

"Nitatafuna mwenyewe," alisema.

Agustina alikuwa amesimama mlangoni na maua yake tangu asubuhi. Aliyapeleka uwanjani, akayaweka chini ya jina la Kanali, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuyaweka.