Benchi Lililochoka Kutangaza Watu

Jamani, jana nilipojilaza tu, niliota benchi la zahanati yetu limekuja kunibishia hodi.

"Shikamoo, mama mjumbe."

"Marahaba. Karibu, kaa."

"Ahsante, mimi sikai. Mimi hukaliwa."

Sikushangaa, nalijua. Ndilo wanalokalia wanaosubiri dawa za kufubaza VVU, nalo limeelekea barabarani, mbele ya wauza mihogo wenye macho na midomo. Kwa sababu yake shoga yangu Siwema ameacha dawa, na anakwisha namwona. Mimi nami ni mjumbe wa kamati ya wananchi ya kukagua huduma, na ndotoni ndiyo siku ya kumpa mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, alama zake.

"Nibebe twende kikaoni," linasema benchi. Nalitia mgongoni. Linakoroma njia nzima, halina hata aibu.

Tunafika, zahanati imekuwa ukumbi wa harusi. Mganga mfawidhi, Daktari Mwaisumo, ndiye bwana harusi, kavaa shada la glavu. Wajumbe tunagawiwa vibao vyenye nyuso: mmoja unacheka, mmoja umenuna.

"Huduma zetu mnazionaje?" anauliza bwana harusi.

"Nzuri mno, baba!"

Nani atamsema bwana harusi siku yake? Kila mjumbe mwenzangu anainua uso unaocheka, nao unaruka kutoka kibaoni unamganda mwenyewe usoni. "Juzi nilisubiri mpaka nikaanguka," anasema Mzee Kabuche, meno yote nje, hawezi kufunga mdomo. Ukumbi mzima kwi kwi kwi! Nacheka mpaka mbavu zinauma, na moyoni nina hasira ya kulia.

Uso wangu unaocheka unanikonyeza. "Niinue, shoga, usiharibu shughuli."

"Koma!" Nainua ulionuna. "Daktari, benchi lako linamuua Siwema!"

Muziki unakatika. Nyuso zinabanduka, zinaanguka sakafuni pwa, pwa, pwa. Daktari anavua shada, analiinamia benchi. "Samahani. Ungependa kuwa wapi?"

"Uani, nyuma ya ukuta. Nimetangaza watu vya kutosha."

Vigelegele! Wajumbe wanalipandisha tena mgongoni kwangu, daktari anatangulia akicheza, na mimi nikaamka.

Siwema alikuwa dirishani, kajitanda khanga.

"We, lile benchi limehamia uani! Mlinzi anaapa hakuona mtu. Nisindikize nikachukue dawa kabla hawajalirudisha."

Tukatoka mbio. Sikumwambia kwa nini mgongo unaniuma.